Elikopta ya Everest asubuhi, mafundi mbao wa Bhaktapur mangaribi: siku zangu ine Nepal

MamaBirere:
Jambo yenu wote. Tangu mwaka jana munanikamata mu inboksi, "mama ile foto ya mulima na barafu ulikua wapi, ni kweli ao ulipachika". Leo mvua inanyesha Goma tangu asubuhi, bakliya hakuna, umeme umekatika, simu iko na 64%, basi naeleza yote mara moja alafu mutaniacha.

Mimi ni mutu wa biashara hapa Birere, nguo na viatu, Dubai naendaka mara tatu ine kwa mwaka. Novemba 2024, mbele vita ifunge uwanja wetu wa ndege, nilimaliza kununua haraka nikabakia na siku tano za bure mbele kontena ijae. Dada moja wa Kampala tunapangaka naye chumba kule Deira akaniambia Dubai mpaka Kathmandu ni masaa ine tu mu ndege, na ziko ajansi zinapanga safari fupi ya batu ba franga: unalala oteli ya maana, asubuhi moja banakupandisha elikopta mpaka karibu na Everest, siku zingine banakutembeza mu miji ya zamani ya wafalme. Masaa ine! Mimi Goma–Butembo mu barabara nilishafanya siku mbili na usiku moja juu ya mifuko ya maharagi.

Tena ule mwezi nilikua nafikisha miaka 50. Nikajihesabia, karibu kila kitu nililipiaka mu haya maisha ilikua ya kuuzisha tena. Nikasema hii moja nitaikula mwenyewe. Bei ya jumla sitaitaja ju bwana yangu naye anasomaka humu.

Viza nilipewa pale pale uwanjani Kathmandu, dola 30 kwa siku 15, unajaza fomu ku mashine, unalipa, banabandika mu paspoti, imeisha. Saa yao iko mbele ya Goma na masaa matatu na dakika 45. Sijue ile robo nani aliwakatia.

Ngoja nianze na oteli ju ndiyo ilinifungua macho. Inaitwa Dwarika's. Mwenye kuianzisha, Dwarika Das Shrestha, mu 1952 alikua anakimbia asubuhi kama mazoezi akakuta mafundi banakata na musumeno nguzo ya nyumba ya zamani iliyobomolewa, nguzo yenye nakshi za ajabu, banatupa sehemu ya nakshi ju banataka mbao tupu. Akawaambia munipe hiyo, mimi nitawapa mbao mupya. Akaendelea vile miaka na miaka, kuokota madirisha na milango ya batu, mwisho akajenga nayo oteli. Kwa hiyo unalala chumbani unaangalia dirisha ambalo mutu alilichonga miaka mingi mbele babu yako azaliwe. Usiku wa kwanza nilizima taa nikawasha tena ili niliguse.

Mbishi_Katindo:
Mama na heshima yote, hiyo kiti ya elikopta ilikua ngapi? Usifiche. Ju hapa Goma sisi elikopta tuliona bure miaka ishirini, za MONUSCO, ba askari wa UN, zinapita juu ya mabati mpaka mutoto anaamuka.

MamaBirere:
Mwanangu sitaficha. Kiti moja mu elikopta ya kugawana na wengine iko kati ya dola 1,000 na 1,500 kufatana na ajansi na majira. Ukitaka elikopta nzima iwe yako peke yako na bibi yako, hesabu kupita 5,000. Mimi nilikua mu ya kugawana.

Mbishi_Katindo:
Dola elfu moja na kitu, na pale juu munasimama dakika ngapi?

MamaBirere:
Kama kumi.

Mbishi_Katindo:
😂😂😂 Aksanti. Sina swali tena. Dola mia kwa dakika.

Muganga_Himbi:
Papa Mbishi, zile dakika kumi haziko wizi wa ajansi, ni mwili ndio unalazimisha. Mahali elikopta inatua kule, Kala Patthar, ni metri 5,500 na kitu. Pale presha ya hewa imebakia karibu nusu ya ile ya pwani. Mwenye kwenda kwa miguu anapanda polepole, siku nane, tisa, analala njiani ili damu izoee. Wewe wa elikopta umetoka metri 1,400 asubuhi, masaa mawili matatu uko kule juu, mwili haujajua kitu. Ukikawia kichwa kinaanza kugonga, unatapika, na ikizidi maji yanaingia mu mapafu ao ubongo unavimba. Kwa hiyo dakika chache, unashuka.

Na hapa naomba musome vizuri ju inatugusa sisi: mutu mwenye SS, ule ugonjwa wa damu wa kuzaliwa nao (drepanositozi, selimundu), asijaribu. Hewa kidogo ndiyo inaamushaka krizi. Hata mwenye AS, mwenye kuubeba tu, ambaye kila siku iko muzima kabisa, bandama inaweza kumuletea shida mu milima ya juu vile. Mama mwenye mimba, mutu wa roho (moyo namaanisha) ao wa mapafu, aulize daktari wake kwanza, si ajansi. Ajansi iko nauza.

MamaBirere:
Aksanti muganga, hilo la SS hakuna aliyeniuliza. Baliniuliza tu kilo.

Na kilo baliuliza mara tatu! Banatupima na mifuko yetu mbele ya batu wote sawa magunia ya makala ya Kibumba. Mimi na 91 yangu. Bibi harusi wa Kihindi nyuma yangu, 48. Basi.

Lakini nimeruka kitu. Asubuhi ya kwanza hatukuruka. Tuliamuka saa kumi na nusu ya usiku, tukafika uwanjani, ukungu mweupe, hata mkia wa ndege ya jirani hauonekani. Tukangoja mpaka saa ine, mwisho banasema hapana, ju kule milimani kufika saa sita mawingu na upepo vinapanda, hakuna piloti wa akili anaenda saa hizo. Hiyo nilikubali. Meteo ni ya Mungu. Chenye sikukubali ni kijana wa ajansi yangu (jina naweka pembeni) kuniambia kesho iko nafasi lakini unaongeza dola 200. Na bwana yule yule alikua ameniandikia mu WhatsApp kwamba meteo ikikataa banasogeza siku bila kulipisha. Nikafungua simu, nikamusomea mesaji yake kwa sauti, alafu nikakaa chini nikamwambia naitika, nitangoja hapa mpaka mukubwa wako afike. Mimi ni wa Birere, kungoja najua. Nusu saa ikaisha. Sikuongeza hata dola.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza kwa mwenye kutaka: usipange elikopta siku ya mwisho. Weka siku ya kwanza ao ya pili ili ikikataa ubakie na siku ya kurudilia. Na kila neno liandikwe.

Mzee_wa_Pisti:
Nilifanya kazi ya kupakia ku uwanja miaka mingi, ngoja nieleze ile ya kilo. Elikopta inabebwa na hewa. Hewa ikipunguka, pales, yale mapanga ya kuzunguka juu, zinakamata kidogo, mota nayo inapumua kidogo. Kwa hiyo ile ile elikopta inabeba batu batano ku Kathmandu, kule juu haiwezi kupanda na hao batano. Lazima igawanye. Mama, hamukugawanywa njiani?

MamaBirere:
Tuligawanywa papa! Fasi inaitwa Pheriche, bonde la mawe na majani makavu, balituacha hapo wawili, wale watatu bakaenda kwanza, alafu ikarudi kutukamata. Nilifikiri mota imeharibika wananidanganya.

Mzee_wa_Pisti:
Haikuharibika. Zile nyingi kule ni aina ya Écureuil, jina maana yake kindi, huyu mnyama mdogo wa mu miti. Ndogo lakini mota kali. Mu 2005, tarehe 14 Mei, Mufaransa moja piloti wa majaribio, Didier Delsalle, aliitua Écureuil kabisa ku kichwa cha Everest, akakaa dakika tatu na sekunde hamsini. Lakini alikua ametoa kila kitu cha uzito ndani, na siku yenyewe aliichagua. Abiria hapelekwi kule, asikudanganye mutu.

Na Lukla, ule uwanja mdogo wa ndege wa milimani, mulipita? Ile pisti mimi naionaka mu video sipati usingizi.

MamaBirere:
Tulipita, banaweka mafuta pale. Pisti metri 527, imelala mu mutelemko, mwisho moja ni ukuta wa mulima, mwisho ingine ni shimo la bonde. Ndege ndogo inatua ikipanda na inaruka ikishuka. Niliangalia moja ikiruka, ikapotea chini ya ukingo, nikashika mdomo, alafu ikatokea kule mbele ndogo sawa nzi. Sisi pia tunajua pisti ya kukatwa, 2002 lava ilikula kipande ya yetu na ndege zikaendelea, lakini hii hapana.

Basi kule juu. Naeleza polepole ju hapa ndipo nimekuja kuungama.

Elikopta ilitua mota bila kuzimika, gide akanishika mkono akanitoa, unga wa barafu unakuingia mu macho na mu meno. Baridi sikuisikia kwanza. Nilisikia ulimi, ulikauka mara moja sawa nimelamba simenti. Hatua sita, nikasimama nitafute pumzi. Nilikua nimejitayarisha kusema neno la maana ju nilikua nafanya video kwa ajili ya watoto, nikasema tu "e Yesu", na mu video hata hilo halisikiki, kuna mota tu.

Mbele yangu mulima mkubwa, mweupe, unang'aa, kichwa kama shoka. Nikapiga foto. Nikapiga tena. Foto kumi na moja. Alafu gide akanigonga bega, akanisogeza kidevu na kidole kidogo kushoto. Nyuma kulikua ka kichwa keusi, hakana barafu mingi ju upepo unaipangusa, kanatoa moshi mweupe wa unga wa barafu upande moja. Kanaonekana kafupi kuliko ule mweupe. Akapiga kelele ku sikio: ndio hii.

Ule mweupe unaitwa Nuptse, metri 7,861, iko karibu ndiyo maana inaonekana mukubwa. Everest ni metri 8,848 na sentimetri 86, Nepal na China walipima upya bakatangaza 2020, lakini iko nyuma, imejificha sawa mukubwa wa kweli wa familia anakaaka pembeni ku harusi.

Basi ile foto ya statusi mulipenda batu mia moja na kitu, ni Nuptse. Imeisha. Everest niko na foto tatu na moja kidole changu kimefunika.

ChukuduSpeed:
😭😭😭 Mama weweee! Mimi niliiweka ile foto mu grupe ya familia "mama wa kwetu afika Everest"

Mbishi_Katindo:
Nafuta maneno yangu. Hii sasa inafaa dola mia kwa dakika.

Lushois_243:
Mama jambo kutoka Lubumbashi. Huku kwetu mulima wa juu ni ile ya takataka ya mine pale Gécamines na tunaipendaka vile vile 😂 Niko na maswali mbili. Moja, kule munakulaka nini, bukari (ugali) iko? Ya pili, miye ni mutu wa kanisa, ile mambo ya bahekalu na sanamu ulisimama namna gani na imani yako? Siulizi kwa ubaya yaya.

MamaBirere:
Kijana wa Lubumbashi jambo. Bukari hakuna. Kuna wali na supu ya dengu, banaita dal bhat, banakuongezea bila kuuliza mpaka ufunike sahani na mkono. Kuna momo, ni nyama imefungwa mu unga imepikwa na mvuke, nilikula thelathini kwa siku mbili nikaacha kuhesabu. Na Bhaktapur kuna maziwa ya kuganda mu ka chungu ka udongo, juju dhau, maana yake maziwa ya mufalme. Mutu amekulia Masisi na mashanza hapo anajisikia nyumbani, ila yao iko na sukari. Chai ya asubuhi tulikunywa ku oteli moja mu njia ya kurudi, Everest View, metri 3,880, Everest iko ku dirisha. Mayai yalikua mabovu kiasi, lakini nani alikua anaangalia mayai.

Ya imani: nilisimama sawa mugeni mu nyumba ya mutu. Viatu banasema toa, natoa. Ku Pashupatinath hekalu kubwa lenyewe asiye Muhindu haingii, unaangalia ngambo ya muto Bagmati, na pale chini banachoma maiti mbele yako, familia imesimama, mutoto mwanaume amevaa nyeupe. Bazungu walikua banapiga foto na kamera za mkono murefu. Mimi niligeuka nikaenda ku gari. Kilio ni kilio. Ku Bauddhanath ni tofauti, ni kile kichuguu kikubwa cheupe na macho yamechorwa pande zote ine, batu banazunguka kufata mkono wa saa, bamama wazee na rozari zao, banaongea mambo ya bei ya mboga (naapa, sauti ile naijua). Nilizunguka nao mara tatu, nikasali yangu kimya. Mungu wangu haogopi kutembea.

Mwana_Kadutu:
Mama, mimi niko Bukavu. Mu zile foto zingine nimeona mutu amebeba mzigo mgongoni na kamba ku paji la uso. Ni kule kule? Ju nilifikiri ni bamama wetu banapandisha mizigo kutoka ziwani.

MamaBirere:
Ni Lukla ile. Na mimi nilipoona nilifikiri Bukavu! Kamba ile ile, ku paji, kichwa kimeinama, mikono imeshika kamba karibu na masikio. Yule alikua amebeba katoni za bia na mtungi wa gaz, anapanda ngazi za mawe. Gide akaniambia kutoka hapo kwenda juu hakuna barabara ya gari, kila kitu utakula ku oteli za njiani ama kimebebwa na mutu, ama yak (ng'ombe wa kule wa manyoya marefu), ama elikopta.

Mbishi_Katindo:
Na hapo ndipo mimi narudi, si kwa kubisha tena. Hizo elikopta ndizo zinawakula hao. Mwanzoni mwa 2025 bakaaji wa kule Khumbu, upande wa Everest, walisimika bendera fasi elikopta zinatua ili zisitue, na wakubwa wa mbuga ya Sagarmatha nao wakasema elikopta za biashara hapana, ju ya kelele na wanyama. Na kingine ni kazi: mutalii akishuka na elikopta, yule wa oteli ndogo, wa kubeba, wa chai, wote banalala njaa. Na kuanguka zinaangukaka. Julai 2023 moja ya watalii ilianguka karibu na Everest, batu sita walikufa, batano Wamexico, na serikali ikasimamisha za kutalii mpaka miezi ipite. Mama hakuwaza?

MamaBirere:
Niliwaza. Ile ya 2023 niliisoma usiku mbele ya kuruka, nikampigia dada yangu nikamwambia fasi funguo za depo ziko. Ile ya bendera ilitokea mimi nimesharudi. Nikienda leo sijue kama ningepanda. Pengine ningepanda ndege ile kubwa kidogo, inafanyaka saa moja kupita mbele ya milima bila kutua, kila mutu ku dirisha, bei chini sana. Sitajifanya mutakatifu, nilipanda na nilifurahi, na yule wa kamba alinipita karibu akaniangalia jaketi yangu ya kuazima na mimi nikaangalia chini. Nilitaka kumupa kitu, elikopta ikaita.

Na kwa mwenye kwenda kwa miguu: mu 2018 serikali yao ilifungua uchunguzi ju ya gide na ajansi zingine walikua banamwambia mutu mwenye kichwa kidogo kinauma "panda elikopta haraka utakufa", ili bakule asiransi yake. Kwa hiyo hata huko mubaki na akili ya Birere.

Sasa acheni milima. Simu iko 31%.

Bonde la Kathmandu lilikua na falme tatu, Kathmandu yenyewe, Patan na Bhaktapur, na kila mufalme alikua anashindana na jirani yake kwa kujenga. Ndiyo maana kila moja iko na uwanja wa jumba la mufalme umejaa mahekalu. Ukijumlisha na fasi zingine takatifu za bonde, ni fasi saba ziko ku liste ya UNESCO tangu 1979. Wenyeji wa hiyo kazi ni Banewar, matofali mekundu na mbao nyeusi. Tarehe 25 Aprili 2015 tetemeko la 7.8 likapiga, batu karibu elfu tisa walikufa, na mingi ya yale majengo ikawa lundo. Kasthamandap, nyumba ya mbao ambayo banasema ndiyo ilipatia muji jina, ikalala yote chini.

Bhaktapur kuingia mugeni analipa rupia 1,800, ni kama dola 13. Hapo niliongeza siku, nikafuta masaji ya oteli niliyokua nimelipia. Kuna hekalu linaitwa Nyatapola, la 1702, mapaa tano moja juu ya ingine. Ngazi zake ziko na walinzi wa mawe wawili wawili: chini mabondia wawili, banasema kila moja ana nguvu ya batu kumi, juu yao tembo, mara kumi ya mabondia, juu simba, mara kumi ya tembo, alafu wanyama wa hadithi, alafu miungu wanawake wawili. Kumi mara kumi mara kumi. Hesabu za kibiashara kabisa. Na tetemeko kubwa la 1934 lilipita, la 2015 likapita, limesimama. Gide akasema ni msingi mpana. Fundi mbao mmoja akasema ni mbao, zinajua kucheza.

Huyo fundi ndiye nataka kumuongelea. Ka atelye kadogo mu kichochoro, upana wa duka langu nusu. Amekaa chini, ubao ameukanyaga na vidole vya mguu, patasi ngapi sijue, ziko zimepangwa sawa bijiko, anachagua moja bila kuangalia. Alikua anafanya kipande cha dirisha cha kurudishia ku hekalu lililoanguka. Pembeni kipande cha zamani kimevunjika, naye anakopia. Ua moja, kubwa kama kizibo cha fanta. Nilisimama mpaka akamaliza ua, gide ananiita, mama gari, mama gari. Dakika arobaini na kitu. Ua moja. Na dirisha lote liko na maua sijue mia ngapi, na nyoka, na tausi. Nikawaza kwetu, 2002 lava ilipita katikati ya muji, sisi tulingoja ipoe kidogo tu tukajenga juu yake, na mawe yake yenyewe, haraka haraka ju mutoto anahitaji fasi ya kulala. Nani angekaa kuchonga ua. Siyo ubaya wetu. Lakini nilisimama pale roho inaniuma na sijue ju ya nini.

Akaniuliza kwa gide natoka wapi. Congo. Hakujua. Nikatafuta mu simu kitu cha kumuonyesha, ziwa hapana, volkano nikasema huyu ameshiba milima, nikamuonyesha chukudu, trotinete yetu ya mbao ya kubeba mizigo. Ile foto ya kijana anashuka na mifuko saba ya viazi. Bwana! Aliweka patasi chini. Akachukua simu, akakuza foto na vidole, akaangalia gurudumu, akaangalia fasi shingo inaingia, akauliza: hii yote mbao? Yote. Gurudumu pia? Pia, ila banazungushia mpira. Kilo ngapi inabeba? Nikasema mia ine, mia tano, ipo. Akauliza mbao gani. Mimi mutu wa Goma miaka hamsini, ninapita kila siku ku rond-point ya chukudu ya dhahabu, sikujua mbao gani. Nikaona haya.

ChukuduSpeed:
Mama! Tuko tunatumia mikalitusi sana sana, na mumba kwa fasi za nguvu. Baba yangu anazitengenezaka. Ungenipigia simu 😭

MamaBirere:
Kijana ningekujua wapi. Sasa najua.

Mwana_Kadutu:
Mama, na sisi huku hatuwezi kupanga kitu sawa hicho? Elikopta juu ya Nyiragongo, alafu mutu anatembezwa kwa mafundi wa chukudu, ku ziwa, Idjwi...

Mzee_wa_Pisti:
Virunga ni ya 1925, mbuga ya taifa ya kwanza ya Afrika, Nyiragongo bazungu walikua banaipanda kwa miguu mpaka juu metri 3,470 kulala pale ku ukingo. Vitu viko. Kitu hakiko munakijua.

Mbishi_Katindo:
Tunakijua papa.

Mama swali ya mwisho kabisa. Kwa yule fundi haukununua kitu? Mutu wa Birere anatoka atelye mikono mitupu?

MamaBirere:
Nilinunua ka dirisha, kadogo, sawa daftari mbili, rupia elfu nane, na nilibishana bei mpaka nikajionea haya nikalipa yote. Hakakua ka kuuzisha. Nilikatundika mu duka juu ya kalkuleta. Sasa bakliya banakauliza kuliko viatu. Banaanza dola 30. Jumatatu mama mmoja wa Gisenyi alifika 120, akatoka nje, akarudi akasema 140.

Sijakauzisha. Bado.

Simu 8%.